Juzuu Niliyopewa kwa Makosa

Baba alinipa kazi ya kumrudisha dada yangu, na nikakubali kabla hajamaliza kusema. Sikukubali kwa sababu nilikuwa na hakika ya Biblia. Nilikubali kwa sababu aliniambia, "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii," na mimi nikisifiwa hivyo huwa siwezi kukataa kitu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na yetu, alikaa bibi mmoja tuliyemwita Bi Mkubwa. Mjukuu wake alikuwa ametuma watu kwa baba kuuliza kama angeruhusiwa kuleta posa kwa dada. Wao Waislamu, sisi Wakristo. Babu yetu alikuja Unguja kutoka bara, lakini sisi tumezaliwa hapa hapa Ng'ambo, na mama alipofariki tukiwa wadogo ni Bi Mkubwa aliyetuogesha na kutulisha kila siku mpaka baba atoke kazini. Kwa hiyo baba hakuweza kuwafukuza wale wajumbe. Aliwaomba wampe muda. Walipoondoka akanigeukia mimi. Alikuwa na yakini kwamba dada angebadili dini ili apate mume, na alitaka nimwonyeshe, kwa hoja, kwamba kitabu chetu ndicho chenye mamlaka kuliko vingine vyote.

"Ukimwonyesha atatulia," alisema. "Dada yako si mjinga. Hajaonyeshwa tu."

Sijasomea dini mahali popote. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na Darajani. Ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu vya kuazima. Tena nina tabia inayonichosha. Barua ya mteja nikiona mkato mmoja umekaa vibaya, naichapa upya, hata kama mwenyewe keshasema imetosha. Nikiomba nikakosea neno, naanza tena sala tangu mwanzo, na ziko siku nimerudia sala moja mpaka maneno yakabaki sauti tupu. Bi Mkubwa aliwahi kunieleza kwamba Muislamu akisahau kitu katika sala yake, iko sijda ya kusahau: anasujudu mwishoni, yamekwisha. Siku ile niliwaonea wivu wa kweli.

Basi nikajiandaa kama mtu anayengoja mtihani. Nilianza na nakala za kale, kwa sababu nakala ndiyo kazi yangu. Nikasoma kwamba Agano Jipya lilinakiliwa kwa mkono karne kwa karne, na kwamba zile nakala hazifanani neno kwa neno. Hilo lilinikosesha raha ya kula. Mimi najua makosa ya kunakili yanavyoingia: jicho linaondoka kwenye neno, linarudi kwenye neno kama lile mstari wa chini yake, na kilichokuwa katikati kimepotea bila mwenyewe kuhisi. Waandishi wale wa zamani walikosea vile vile ninavyokosea mimi. Baadaye nikaona upande wa pili: nakala zikiwa nyingi, tena zimetoka miji mbalimbali, kosa la moja hufichuliwa na nyingine. Dukani kwetu pia mtu akileta karatasi moja iliyofifia tunakisia, lakini akileta nakala kadhaa tunajua asili ilisemaje. Nikafurahi. Nilidhani nimepata hoja.

Halafu nikasikiliza mihadhara ya Waislamu kwenye simu. Wao walisema: sawa, basi kitabu chenu kinahitaji kuunganishwa vipande, chetu kimehifadhiwa vifuani. Nikatafuta jibu, nikalipata. Kisha nikasikia jibu la jibu langu. Ikawa hivyo kwa kila jambo. Nikisema kitabu changu kinajishuhudia chenyewe kwamba kimetoka kwa Mungu, chao pia kinajishuhudia. Nikisema kimebadilisha maisha ya watu, nilikuwa nakaa jirani na Bi Mkubwa, na chake ndicho kilichomfanya alivyo. Kila nilichokishika kama silaha nilikiona upande wa pili, kimeshikwa na mtu mwingine mwenye imani kama yangu, au kubwa kuliko yangu.

Wako watu wema wanaoniambia nisijisumbue, dini zote ni moja. Nasikia nia yao, lakini sikubali. Biblia inasema Yesu alisulubiwa, akafa, akafufuka. Qur'ani inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Hilo si suala la mtu kuonja hiki akapenda kile. Moja kati ya hayo mawili halikutokea. Jirani zangu Waislamu wanalijua hilo vizuri, na nadhani tumeishi kwa amani mtaani kwa sababu hakuna anayejifanya halijui.

Nilifika mbali zaidi. Nilinunua kijitabu cha watoto cha kujifunzia herufi za Kiarabu, nikajifundisha kusoma kwa kujikwaa, ili siku ya kusema na dada niweze kumwambia kwamba mimi nimeviona vitabu vyote viwili. Sikumwambia mtu. Dada naye alikuwa mkimya siku zile, na mimi nilifikiri ukimya wake ni wa mtu anayengoja harusi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani kwetu nasoma, Bi Mkubwa akatoka kupunga upepo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nini hicho ulichokilaza hapo chini?"

"Biblia."

Aliinama kidogo kuitazama. Nilikuwa nimeifunua na kuilaza kifudifudi sakafuni, karibu na ndara zangu, ili nisipoteze ukurasa. "Kitabu cha Mungu," alisema, "kimelazwa kama papa aliyeanikwa."

Nikakiinua haraka. Lilikuwa kosa, maana sasa aliona kurasa zenyewe, nilivyozipigia mistari kwa kalamu.

"Na umekichora."

"Tunachora ili tukumbuke, Bi."

"Mie msahafu wangu siugusi mpaka n'shatia udhu. Na ningeuchora nilipokuwa chuoni nasomeshwa Qur'ani, mwalimu angenichora mie mgongoni."

"Bi Mkubwa, umejuaje kwamba kile ni kitabu cha Mungu?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza amejuaje kuwa watoto wake ni wake. "Weye unataka kumuoza dada'ko au unataka kumpeleka mahkamani?"

"Baba kaniambia nimweleze."

"Mweleze. Ndo ndugu yako. Lakini mie nakutazama siku nyingi unavyosoma hicho kitabu chako." Alinyoosha kidole na kukipitisha hewani, polepole, kama anayepekua nywele. "Unasoma kama mtu anayetafuta chawa."

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilipoingia ndani nilijua amesema kweli. Muda wote huo sikuwa nimesoma sura hata moja nikimsikiliza anayesema ndani yake. Nilikuwa nakagua.

Haukupita muda Bi Mkubwa akaanza kuumwa, na kabla baba hajapata neno la kuwaambia wale wajumbe, akafariki. Alizikwa kwao Kidichi. Mimi na baba tulikwenda, na tulivaa kofia. Mtaani kwetu Mkristo akienda kuzika kwa Waislamu huvaa kofia. Hakuna aliyetuamuru. Ni adabu tu.

Siku ya khitma nilivaa kofia ile ile. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Msikiti wa mtaa ulijaa, ikabidi mikeka itandikwe uchochoroni chini ya turubai, na mimi nikakaa huko pembeni, nikikusudia kutulia kimya mpaka dua iombwe. Asiyepata kuiona khitma aelewe kwamba Qur'ani nzima hugawanywa vijitabu thelathini, na kila kijitabu huitwa juzuu. Vinagawiwa kwa waliohudhuria, kila mtu anasoma chake, wote kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake, ndipo kitabu kizima kinakamilika katika kikao kimoja na thawabu yake anaombewa maiti. Juzuu moja isiposomwa, khitma haijatimia.

Bwana aliyekuwa akigawa hakuwa wa mtaa wetu. Alipita kati ya mikeka, akaona kofia, akaniwekea juzuu mkononi, akaenda zake.

Naweza kusema nilishtuka, lakini hilo halitoshi. Mikono yangu ilikuwa na kitu ambacho Bi Mkubwa hakukigusa maishani mwake bila kutia udhu. Sauti zikaanza kupanda kutoka kila upande, kila mtu na aya zake, kama mvua kwenye mabati. Nilifikiri nikirudishe, lakini yule bwana alikuwa amefika mbali, na kumwita kungegeuza vichwa vyote. Nilifikiri nikae nacho kimefungwa. Na nilifikiri, naandika hili kwa aibu, kwamba ningeweza kukisoma. Herufi nilikuwa nazijua. Ningejikwaa, lakini nani angesikia katika sauti zile? Nikakifunua. Nikatambua neno la kwanza, na la pili. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyojivuna.

Nikakaa hivyo, kijitabu kimefunguka, midomo yangu ikitikisika kidogo kama ya msomaji. Waliokuwa mbele yangu walikuwa wamekwisha geuza kurasa.

Ubavuni mwangu alikaa mzee mnene, anayesoma polepole, kidole chake kikifuata kila neno. Nikamgusa goti.

"Mzee wangu, samahani. Mimi si Muislamu."

Alimaliza aya yake, akashikilia mahali kwa kidole. "Ati nini?"

"Mimi Mkristo. Nimepewa hii kwa makosa. Wala sina udhu."

Akanitazama kofia, kisha uso. "Sasa umekaa nayo muda wote huu unaiangalia?"

"Ndiyo."

"Na ungenyamaza ingekuwaje?"

"Isingesomwa."

"Lete." Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya yake, akashusha pumzi ndefu. "Na katika watu wote hawa ukanichagua mie, nisomaye kama kobe."

Akarudi kwenye aya zake. Wengine walimaliza mmoja mmoja, wakafunga vijitabu, wakavirudisha, na sauti zikapungua mpaka ikabaki yake peke yake. Uchochoro mzima ulimngoja. "Mzee leo kaamua kuhifadhi kwa moyo," mmoja alisema kwa chini, na wawili watatu wakatabasamu. Mwingine akauliza kulikoni, na yule mzee, bila kuinua macho, akaonyesha upande wangu kwa kidevu. Vichwa vikageuka. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenikaripia. Walinitazama tu, kisha wakaendelea kungoja, na mimi nikangoja nao, mikono mitupu, mpaka sehemu yangu isomwe na mtu aliyeiamini.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na nataka kuwa mwangalifu nisijisifu. Napenda kusema ni Biblia iliyonifanya niseme kweli, kwa sababu humo ndimo nilimofundishwa tangu utotoni kwamba ndiyo yangu iwe ndiyo na siyo yangu iwe siyo. Lakini huenda ilikuwa ule ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kitimie. Niliupima uwezekano huo kwa siku nyingi. Mwisho niliona tofauti. Ugonjwa wangu una lengo moja, nisiaibike. Ndio uliotikisa midomo yangu. Ungenifanya nisome juzuu nzima vibaya nikidai nasoma vizuri. Aliyenitaka nimguse goti yule mzee, niaibike mbele ya mtaa mzima, hakutoka kwenye tabia yangu. Alisimama kinyume nayo, akaniamuru, nami nikatii nikiwa sitaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno mamlaka. Nilikuwa nimeipigania Biblia kama wakili anayempigania mteja, na mteja wa wakili hana amri juu yake. Siku ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi si mimi niliyekuwa nikiikagua; yenyewe ndiyo iliyonikagua. Sidai kwamba hili ni hoja. Najua yule mzee naye alitii kitabu chake alipobeba mizigo miwili, na ukimuuliza ataeleza hayo hayo. Nimeliandika kwa sababu ndilo lililonitokea, na kwa sababu tangu siku ile naamini kwa namna ambayo zile nakala za kale hazikunipa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta dada uani anaosha glasi za jirani zilizotumika kwenye khitma. Nilikuwa nimetayarisha hotuba kwa wiki nyingi, na sikutaka tena kuisema.

"Nimesikia jana umewakalisha watu mpaka karibu na magharibi," alisema bila kugeuka.

"Nilipewa juzuu."

"Nimeambiwa. Wanawake wamecheka mpaka wakasahau msiba." Akasuuza glasi, akaipindua kwenye kitambaa. "Na mimi nilipewa. Kule ndani, walikokaa wanawake."

"Ukafanyaje?"

"Nikasoma."

Sikumwelewa. "Umesoma nini, dada?"

"Juzuu yangu. Yote. Nilikuwa na udhu." Akakausha mikono kwenye kanga, akageuka. "Bi Mkubwa alinifundisha. Nilitoa shahada, nikasilimu, chumbani kwake kabla hajaanza kuumwa. Alinikataza nisiseme mpaka nipate nguvu ya kumwambia baba mwenyewe. Nguvu sijaipata."

"Kwa sababu ya mjukuu wake?"

"Mjukuu wake alikuwa hata hajanitazama. Na angeweza kunioa nikiwa Mkristo hivi hivi, dini inaruhusu, muulize yeyote. Bi Mkubwa ndiye aliyeniambia, usiingie katika dini ya watu kwa ajili ya mwanamume, mwanamume hana kudumu, hata jasho lake halikai. Akanirudisha nyumbani nikafikiri tena. Si mara moja."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilimkumbuka Bi Mkubwa barazani akinitania, na dada yangu wakati ule ule anajua sura ambazo mimi nilikuwa najikwaa kuzisoma. Mimi nilijifunza zile herufi ili nishinde. Yeye alijifunza ili aombe. Niliona uchungu, na sitasema kwamba umekwisha.

"Baba alinituma nikuonyeshe," nilisema.

"Najua. Nakusikia bafuni unavyojifundisha kuniambia. Una hoja nzuri, nyingine nilimpelekea Bi Mkubwa."

"Akasemaje?"

"Alisema unafaa kuwa kadhi."

Tulicheka, kisha hatukuweza kutazamana.

"Dada, mimi naamini alikufa na akafufuka," nilisema. "Siwezi kukuthibitishia. Nimejaribu mpaka nimechoka. Lakini naamini, na sitakwambia kwamba ni sawa tu, kwa sababu kwangu si sawa. Mmoja wetu amekosea katika jambo kubwa kuliko yote."

"Najua, mdogo wangu. Ungesema ni sawa tu ningeona umenidharau." Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji, kanga ikalowa, hakujali. "Ulidhani mimi silifikirii hilo? Kila nikikuona unaomba nalifikiria."

"Unaniombea?"

"Kila siku. Na wewe?"

"Kila siku."

Nilimsaidia kukausha zile glasi, tukazipanga kwenye sinia, akazirudisha kwa wenyewe.

Ilibaki baba. Dada aliniomba niingie kwanza, kisha yeye afuate. Nilimkuta chumbani, redio inasema kwa sauti ya chini, Biblia yake ya maandishi makubwa iko kando ya mto. Aliizima redio aliponiona uso.

"Umezungumza naye?"

"Nimezungumza naye, baba."

"Umemwonyesha?"

"Sikumwonyesha kitu. Nilimwambia ninachokiamini, naye akaniambia anachokiamini. Ameshaamini. Alishasilimu, tangu kabla ya yule kijana. Yuko nje, anataka kukwambia mwenyewe."

Baba alitazama miguu yake, akaitafuta ndara moja chini ya kitanda kwa kidole cha mguu, akaivaa, akaivua.

"Kabla ya kijana," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nimemchukia mtoto wa watu bure."

Nilidhani angelia. Baba ni mzee wa kanisa. Nilijua atakachoulizwa na wenzake, na nilijua kwamba kinachomuuma si kile. Aliamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba kile kitabu kando ya mto wake kinasema kweli juu ya mahali mwanawe anakokwenda. Hakuna neno la faraja nililolijua ambalo lisingekuwa uongo, kwa hiyo nikakaa naye tu kitandani.

"Mwambie aingie," alisema mwishowe. Akashika kitufe cha redio kama anayetaka kuifungua, akakiacha. "Na wale watu wa posa, wapelekee habari kwamba waje. Ila wasije Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi mimi na wewe hatutakuwapo."